Chuma cha Samia, Kromiamu ya Kisumu

Kabla reli haijaiweka Kisumu kwenye ramani, ukanda huu wa ziwa ulikuwa nchi ya chuma. Huko Urewe, katika Siaya ya leo, vilipatikana vyungu vya kale vyenye kishimo kidogo kitakoni. Mary Leakey, Louis Leakey na Shemasi Mkuu W. E. Owen walivieleza katika chapisho la mwaka 1948, na jina la Urewe likapewa utamaduni mzima wa wakulima na wafua chuma walioishi kuzunguka Ziwa Victoria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Karne nyingi baadaye, vilima vya Samia vilikuwa bado vinatoa mawe yenye chuma, yakayeyushwa kwa moto wa mkaa uliopulizwa kwa mivukuto, na majembe ya Samia yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka hadi kwa Waluo na majirani wengine. Madini hayo ambayo ufuo huu uliyafahamu mapema sasa yanaweza kutumika dhidi ya metali nyingine, kromiamu, iliyoletwa na viwanda vya kisasa. Lakini historia ya sumu hii, hapa na kwingineko duniani, inafundisha jambo ambalo maabara peke yake haiwezi kulisema: chuma kilichofanywa kuwa chembe ndogo mno ni dawa ya kweli, na ni dawa ya nchi kavu. Mahali pake ni mdomo wa bomba, udongo wa karakana na maji yaliyo chini ya ardhi. Tukisubiri hadi sumu imefika ziwani, dawa hiyo haitatusaidia kitu.

Kromiamu yenyewe ni ngeni. Mwanakemia Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin aliitambua mwaka 1797 katika jiwe jekundu lililotoka Siberia, na ikapewa jina kutokana na neno la Kigiriki la rangi, kwa sababu chumvi zake huwa za manjano, za machungwa, za kijani na za zambarau. Kwa miongo mingi ilitumika katika rangi za nguo na za kuta. Kisha mwaka 1884 huko Marekani Augustus Schultz alipata hataza ya kudabagha ngozi kwa kromiamu, na mwaka 1893 Martin Dennis akairahisisha kazi hiyo. Hapo biashara ya ngozi ikabadilika ulimwenguni kote. Ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti hukaa kwenye mashimo ya dawa kwa majuma, pengine miezi. Iliyodabaghiwa kwa kromiamu huwa tayari kwa siku moja hivi, nayo hutoka ikiwa laini, inayostahimili joto, na yenye rangi ya samawati inayoelekea kijani. Gharama ya haraka hiyo imo ndani ya maji yanayobaki. Kwa njia ya kawaida ngozi hunywa takribani theluthi mbili tu ya kromiamu iliyowekwa, na iliyobaki hutoka na majitaka.

Kisumu ilizaliwa katikati ya mabadiliko hayo. Meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza, ilishushwa majini mwaka 1900, na Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Port Florence, jina la kwanza la kikoloni la mji huu. Tangu hapo Kisumu ikawa lango la ziwa zima. Pamba, ngozi na mazao mengine ya Uganda na ya nyanda za ziwa yalipakuliwa gatini na kupakiwa kwenye mabehewa. Ngozi ziliondoka zikiwa mbichi, zimekaushwa tu, na sumu ya kuzidabagha ikabaki katika miji ya watu wengine. Kenya yenyewe ilijenga utajiri wake wa kudabagha juu ya magome ya miwati, miti iliyoletwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupandwa kwa wingi nyanda za juu, hata Eldoret ukawa mji wa dondoo la magome hayo. Baada ya uhuru sera iligeuka, na kwa haki. Serikali ilitaka ngozi isiuzwe ikiwa ghafi, na katika miaka ya 2000 ikapandisha kodi ya kusafirisha ngozi mbichi. Ngozi nyingi inayouzwa nje sasa ni ile ya samawati iliyokwisha kutiwa kromiamu. Kwa hiyo hatua chafu kuliko zote katika kazi ya ngozi ndiyo iliyohamia kwetu, huku hatua zenye faida kubwa, za kiatu na mkoba, zikiendelea kufanyika ng'ambo.

Kuielewa hatari hii kunahitaji kutofautisha sura mbili za kromiamu. Sura ya kwanza, ambayo wanakemia huiita kromiamu ya tatu, haiyeyuki kwa urahisi katika maji ya kawaida. Hushikamana na tope na hutulia. Ndiyo inayotumika kudabagha. Sura ya pili, kromiamu ya sita, huyeyuka, husafiri na maji ya ardhini, hupenya ndani ya chembe hai za mwili, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1990 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza kuonja madhara yake walikuwa wale wa kiwanda cha J. & J. White huko Rutherglen, karibu na Glasgow, ambako vumbi la kromati, yaani chumvi za kromiamu ya sita, lilitoboa ukuta wa pua zao. Mwaka 1899 mwanasiasa Keir Hardie aliandika kuwatetea. Kiwanda kilifungwa mwaka 1967, lakini taka zake zilikuwa zimekwisha kufukiwa katika ardhi ya pale. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2021, kijito cha Polmadie katika eneo hilo kiligeuka kijani cha kung'aa kwa sababu ya kromiamu iliyokuwa bado ikivuja. Mji tajiri, wenye sheria na wahandisi, umeshindwa kwa nusu karne kuzuia maji ya mvua yasiichukue sumu iliyozikwa ardhini. Kisumu haina sababu ya kuamini kwamba ardhi yake itasahau upesi zaidi.

Je, kromiamu imefika kwenye ufuo huu? Swali hilo lilijibiwa na watafiti wetu wenyewe zamani. Mwaka 1989 J. M. Onyari na S. O. Wandiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha utafiti kuhusu mtawanyiko wa kromiamu, risasi, kadimiamu, zinki, chuma na manganizi katika mashapo ya Ziwa Victoria. Sehemu ya metali hizo ni ya asili, kwa kuwa mawe na udongo wote una kiasi chake, na mwandishi mwaminifu hawezi kuiita kila chembe uchafuzi. Ila njia ambazo mkono wa binadamu unaongezea kiasi hicho zinaonekana wazi. Mto Kisat unapita katika eneo la viwanda la Kisumu na kuingia Ghuba ya Winam. Nyaya za umeme kote magharibi mwa Kenya zimebebwa kwa miaka mingi na nguzo za mikaratusi zilizolowekwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki, dawa iliyobuniwa na Sonti Kamesam huko India mwaka 1933. Mahali nguzo hizo zinapolowekwa na kuachwa zichuruzike, udongo hupokea matone. Kwenye vibanda vya jua kali vya Kibuye, moshi wa kulehemu chuma kisichoshika kutu hubeba kromiamu ya sita, na rangi ya manjano ya kuzuia kutu mara nyingi hutengenezwa kwa kromati ya zinki. Nzoia huleta maji kutoka upande wa Eldoret hadi Budalangi, na Nyando huyamwaga yake ghubani kwenyewe. Ghuba hiyo ina kina cha wastani cha mita chache tu, imebanwa na mlango mwembamba wa Rusinga, na maji yake hayabadilishani kwa urahisi na yale ya ziwa kuu. Kinachoingia Winam hukaa Winam.

Wako watakaosema kwamba hofu hii imezidi, maana kromiamu ya kudabagha ni ile ya tatu, isiyo na ukali. Hoja hiyo ni nzito na inastahili kujibiwa kwa kemia. Mwaka 1979 watafiti Bartlett na James walionyesha kwamba kromiamu ya tatu ikikutana na oksidi za manganizi katika udongo hugeuka kuwa ya sita, na udongo mwekundu wa kitropiki una manganizi ya kutosha. Moto nao hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi. Vipande vya ngozi au mbao za nguzo vikichomwa penye hewa, jivu hubaki na kromiamu ya sita, tayari kuyeyuka kwa mvua ya kwanza. Jaa la Kachok lilifuka moshi katikati ya mji wa Kisumu kwa miaka mingi, na katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda watu wamekuwa wakitegemea visima vifupi vilivyochimbwa karibu na makazi. Sumu inayolala inaweza kuamshwa na kiberiti cha mtu anayetaka tu kupunguza takataka.

Hapo ndipo chuma kinapoingia katika historia hii. Chuma ambacho bado hakijaota kutu kina elektroni za kutoa, na kromiamu ya sita inazitafuta. Vikikutana majini, chuma huota kutu na kromiamu hushuka kutoka ya sita hadi ya tatu, kisha vyote viwili hutulia pamoja kama utando wa kahawia. Kwa hesabu ya karatasini, gramu moja na kidogo ya chuma inatosha kuituliza gramu moja ya kromiamu. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakiongozwa na Robert Gillham, ndio waliolianzisha mwaka 1991 jaribio la ukuta wa chenga za chuma uliozikwa ardhini ili maji machafu yapite ndani yake. Ukuta ulioandika historia ya kromiamu ulijengwa mwaka 1996 huko Elizabeth City, North Carolina, kwenye kambi ya walinzi wa pwani wa Marekani. Karakana ya kupaka vyuma kromiamu ilikuwa imeivujisha sumu kwa miongo kadhaa kupitia sakafu, na maji ya ardhini yalikuwa yakiibeba kuelekea Mto Pasquotank. Wahandisi walizika ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 46, kina cha mita 7.3 na unene wa mita 0.6, baina ya karakana na mto. Maji yaliingia upande mmoja na sumu, yakatoka upande wa pili yakiwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa cha miligramu 0.05 kwa lita. Ukuta huo hauhitaji umeme wala pampu. Ulifaulu kwa sababu ulisimama njiani, kabla ya mto.

Chembe nano zilikuja kuongeza kasi. Mwaka 1997 Chuan-Bao Wang na Wei-xian Zhang wa Chuo Kikuu cha Lehigh walieleza namna ya kutengeneza chuma chenye chembe zisizozidi nanomita 100, na unywele wa binadamu una unene wa karibu nanomita 80,000. Kazi yenyewe inaonekana kwa macho: chumvi ya chuma iliyoyeyushwa majini ina rangi ya manjano, ikidondoshewa kemikali inayotoa elektroni, povu la haidrojeni huchemka na maji hugeuka meusi papo hapo kama wino. Weusi huo ni chuma. Gramu yake moja ina uso wa takribani mita za mraba 30, upana wa chumba kikubwa, ambapo gramu ya chenga za kawaida haina zaidi ya mita chache. Uso mkubwa una maana ya mikono mingi ya kuikamata kromiamu, na mwaka 2000 watafiti Ponder, Darab na Mallouk walionyesha kwamba chembe hizo huondoa kromiamu ya sita na risasi majini kwa kasi kubwa kuliko chenga. Lakini chembe hizo zina udhaifu wa aina mbili: huvutana zikawa mabonge, na huota kutu haraka mno. Ndiyo sababu ya kuzirekebisha. Katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, Feng He na Dongye Zhao walizivika wanga, kisha selulosi iliyobadilishwa, zisishikane; wengine wakazipandikiza juu ya udongo wa mfinyanzi au mkaa wa mimea ili zikae mahali pamoja na kuweza kukusanywa baada ya kazi.

Marekebisho mengine yanatukaribia zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba majani ya chai ya kijani yanaweza kuchukua nafasi ya kemikali kali katika kutengeneza chembe za chuma, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut wakafanya hivyo kwa pumba za mtama. Chai inalimwa Kericho, juu ya mito inayoshuka hadi Winam. Mtama ni chakula cha kale cha ufuo huu. Mkaa wa kubebea chembe unaweza kuchomwa kutokana na magugu maji yanayoziba gati la Kisumu. Ni kweli kwamba baadhi ya wataalamu wamepinga, wakionyesha kuwa zao la chai na chuma mara nyingi ni muungano wa chuma na viini vya chai, wala si chuma safi kisicho na kutu, na nguvu yake ni tofauti. Pingamizi hilo ni la haki. Halivunji wazo, linadai upimaji: kila dawa itakayotengenezwa hapa ipimwe kwa majitaka halisi ya hapa, wala isisifiwe kwa sababu tu malighafi yake ni ya kwetu.

Sasa twende kwenye kiini cha hoja. Wapo wanaoota ndoto ya kumwaga chembe hizi ziwani ili zilisafishe, na hesabu inaikataa ndoto hiyo. Lita moja ya maji ya juu ya ghuba ina takribani miligramu 7 za oksijeni. Oksijeni hiyo peke yake inaweza kula miligramu 16 za chuma. Kromiamu ya sita, hata ikiwa katika kikomo cha miligramu 0.05, inahitaji chuma cha miligramu 0.054 tu. Kwa hiyo katika maji ya wazi oksijeni ina njaa ya chuma karibu mara 300 kuliko sumu tunayoiwinda. Tungelilisha ziwa kutu na kuiacha kromiamu ilivyo. Chini ya ardhi, na ndani ya tangi lililofunikwa, oksijeni ni haba na sumu ni nyingi, na hapo chuma hushinda. Historia ya karibuni ya ziwa inatoa ushahidi huohuo kwa njia nyingine. Magugu maji yaliachwa yakaenea hadi mwaka 1998 yalipofunika karibu hekta 17,000 za Winam. Mbawakavu wa kuyala walikuwa wameachiliwa mwaka uliotangulia, na magugu yakapungua, lakini mbolea na majitaka yaliyoyalisha hayakuzibwa, na baada ya miaka michache yakarudi. Dawa iliyowekwa ziwani, huku chanzo kikiendelea kumwaga nchi kavu, ni ya muda.

Kuna wanaouliza kama chembe zenyewe si hatari. Mwaka 2004 Royal Society na Royal Academy of Engineering za Uingereza zilishauri kwamba chembe nano huru zisiachiliwe ardhini kwa ajili ya usafishaji hadi madhara yake yachunguzwe, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba chuma hicho kinapokuwa kipya kinaweza kuua bakteria. Tahadhari hiyo inaunga mkono hoja hii badala ya kuipinga: chembe zifungwe kwenye mkaa au udongo, ndani ya tangi au ukuta, zisisambae. Wengine wanauliza kuhusu gharama, nayo si ndogo. Jibu lipo Kibuye. Ukuta wa Elizabeth City ulitumia chenga za kawaida, na chenga zinazodondoka chini ya mashine za kukerezea chuma ni taka za kila siku. Zioshwe mafuta, zipimwe, zitumike kwa kazi kubwa. Chembe nano zibaki kwa kazi ngumu, kama maji yenye sumu nyingi au mahali pasipochimbika. Na wako wanaosema, kwa sauti ya haki kabisa, kwamba maradhi makubwa ya Winam ni majitaka ya vyoo na mbolea, na kwamba kromiamu ni jambo dogo. Kwa leo wanasema kweli. Tofauti ni kwamba majitaka huoza na metali haiozi, na nchi inayotaka kudabagha ngozi zake zote lazima iweke kinga kabla ya viwanda kuongezeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Glasgow bado inajenga.

Sheria ipo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 0.05 za kromiamu ya sita kwa lita ya majitaka yanayoachiliwa katika mazingira, na Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Wataalamu nao wapo, kuanzia Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi yenye kituo Kisumu hadi Chuo Kikuu cha Maseno. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi ya 1964 na kuingia majumbani, mashambani na kwenye karakana za ufuoni, likitukumbusha kwamba udongo wa pembeni unaweza kuwa sakafu ya ziwa kesho. Kwa hiyo kazi ianze na orodha: kila yadi ya kulowekea nguzo, kila karakana ya kupaka metali, kila kiwanda cha ngozi na kila jaa la zamani katika mabonde ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu, pamoja na kipimo cha kromiamu ya sita katika kisima kilicho karibu. Penye sumu, chuma kizikwe kati yake na maji. Kaunti zinazopakana na ziwa ziigharamie kazi hiyo, na aliyechafua alipe kwanza. Mafundi wa Samia walikipeleka chuma chao kwenye shamba la kila jirani; wajibu wetu ni kukiweka pale sumu inapoanzia, kabla haijafika kwenye maji ambayo Kisumu nzima inayanywa.